Land Rover ya zamani isiyoshika sailensa, na skrubu isiyojibu

Swali: Fundi, salaam. Nina Land Rover Series III ya mwaka 1978, ile ndefu ya inchi 109, yenye injini ya petroli ya lita 2.25 na kabureta ya Zenith. Nipo Iringa. Asubuhi inawaka vizuri kwa choki na inatembea bila shida, lakini ikishapata moto haishiki sailensa, yaani haitulii ikizunguka bila kukanyagwa mafuta. Ama inazima nikipunguza mwendo, ama fundi akiipandisha inaunguruma juu na haishuki tena. Plagi zinatoka nyeusi, na anayekaa nyuma analalamika harufu ya petroli. Kabureta imeshafunguliwa na kusafishwa zaidi ya mara moja. Mwishowe nilijaribu mwenyewe kuikaza skrubu ya mchanganyiko mpaka mwisho, na injini haikubadilika hata kidogo. Sasa nashauriwa ninunue kabureta mpya ya nakala. Je, ninunue?

Jibu: Ndugu yangu wa Iringa, usinunue bado. Habari zote ulizoandika zina manufaa, lakini iliyo na uzito kuliko zote umeitaja mwishoni kana kwamba ni jambo dogo: kwamba uliikaza skrubu ya mchanganyiko mpaka mwisho na injini ikaendelea vilevile. Injini hii ikiwa na Zenith iliyo nzima haiwezi kufanya hivyo. Ukiifunga skrubu ile, injini inapaswa kuanza kuyumba, kuishiwa nguvu na hatimaye kuzima. Isipozima, maana yake petroli inayoiendesha haipiti kwenye njia inayotawaliwa na skrubu hiyo, na kazi yetu ni kutafuta inapitia wapi. Kabla njia hiyo haijajulikana, kuizungusha skrubu ni kujichosha, na kubadilisha kabureta ni kubahatisha kwa gharama kubwa.

Inafaa tuelewane kwanza jinsi sailensa inavyopatikana. Injini ikiwa haijakanyagwa mafuta, kile kibati cha duara kilichomo chini ya kabureta, ambacho mafundi wengi hukiita kipepeo, kinakuwa kimefungwa karibu kabisa. Hewa inayopita juu yake ni kidogo na ya polepole, kwa hiyo haina uwezo wa kuivuta petroli kutoka jeti kuu, kile kitundu kilichopimwa ambacho injini hunywea ikiwa mwendoni. Ndiyo sababu waliotengeneza kabureta waliweka njia ndogo ya pembeni: petroli inatoka kwenye bakuli la boya (kibakuli cha akiba ambamo boya hupanda na kuifunga sindano ya kuingizia petroli kikijaa), inapita kwenye jeti ya sailensa, inachanganyika na hewa kidogo, kisha inashuka kwa tundu jembamba mpaka chini ya kipepeo, mahali ambapo mvuto wa injini ni mkubwa. Ncha kali ya skrubu ya mchanganyiko imekaa kwenye tundu hilo. Juu kidogo, usawa wa ukingo wa kipepeo, kuna vitundu vingine vidogo ambavyo havitakiwi kutoa kitu wakati wa sailensa. Kazi yao inaanza pale unapoanza kukanyaga mafuta, ili injini isikohoe kabla jeti kuu haijaamka.

Sasa tazama kinachotokea mtu anapopandisha sailensa kwa skrubu ya mwendo ili gari lisizime. Skrubu hiyo inakifungua kipepeo. Ikikifungua kupita kiasi, ukingo wake unavipita vile vitundu vya juu, navyo vinaanza kumwaga mchanganyiko ambao skrubu yako haina mamlaka nao. Zaidi ya hapo, mlango wa mpira wa vakyumu unaokwenda kwenye distribyuta, kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, ambao katika sailensa hautakiwi kupata mvuto, nao unafunuliwa. Taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, inasogezwa mbele na injini inapaa. Hiyo ndiyo tabia uliyoieleza: inazima, au inaunguruma, na katikati hapashikiki. Fundi wako hakufanya jambo la ajabu, kwa maana kila mtu mwenye mteja anayesubiri huishika skrubu ya mwendo kwanza. Lakini kila akiikaza anaficha ugonjwa wa mwanzo na kuongeza wa pili juu yake.

Jambo la pili ni rangi ya plagi. Mtu akisikia kwamba gari halishiki sailensa, mara nyingi anakimbilia kutafuta mahali hewa inapovuja: gasketi ya manifodi (bomba la kupeleka mchanganyiko kwenye silinda), mipira iliyopasuka, na kadhalika. Kwa hewa inayovuja plagi huwa nyeupe au za kijivu kilichopauka, injini hupenda choki hata ikiwa na moto, na ukiifungua skrubu ya mchanganyiko hali inapata nafuu kidogo. Wewe una plagi nyeusi, harufu ya petroli, na injini inayofanya vizuri ikiwa baridi, yaani wakati ambao inahitaji petroli nyingi. Kwa hiyo gari lako linakunywa kupita kiasi. Zamani ningeanza kukuuliza kama petroli yenyewe imechanganywa na mafuta ya taa, lakini tangu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ianze kuweka alama kwenye mafuta mwaka 2010 swali hilo limepungua uzito, na kwa vyovyote petroli mbaya haiwezi kuifanya skrubu iwe bubu.

Anza na yale yasiyohitaji kufungua kitu. Toa mpira mnene unaounganisha kabureta na eyakilina, yaani chujio la hewa, chungulia ndani, kisha mwombe mtu arudishe kitufe cha choki mpaka mwisho. Kibati cha choki lazima kisimame wima kabisa. Kebo ya choki ya Series III ikizeeka hukakamaa ndani ya ala yake, kitufe kinarudi lakini kibati kinabaki kimeinama kidogo, na kwa kuwa mkono wa choki umeunganishwa pia na kipepeo, sailensa nayo inabaki juu. Legeza skrubu inayoibana kebo kwenye mkono, acha waya uwe na uhuru wa milimita moja au mbili, kaza tena. Ukiwa hapo hapo, washa injini bila ule mpira wa eyakilina. Ikiwa inatulia mara moja, kosa liko kwenye eyakilina yenyewe. Eyakilina ya gari hili ni ya bakuli la oili, na bakuli lina alama ya kiwango. Vijana wa gereji wanaobadilisha oili ya injini hupenda kumalizia kilichobaki kwenye kopo humo ndani. Oili ikizidi alama, au ikigeuka uji kwa vumbi, hewa inapita kwa shida na injini inajiona kana kwamba iko kwenye choki siku nzima.

Baada ya hapo nenda kwenye umeme na valvu, kwa sababu kabureta haisetiki juu ya injini ambayo moto wake hauko sawa. Hapa nitapita haraka, kwani fundi yeyote wa magari ya zamani anavijua vipimo hivi. Pointi za distribyuta ziwe na nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40, plagi milimita 0.75 hadi 0.80, na mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Vuta hewa kwa mdomo kwenye mpira wa vakyumu unaokwenda kwenye distribyuta, kisha ziba kwa ulimi: ukishikika, kiwambo cha ndani ni kizima, hewa ikiendelea kupita, kimepasuka. Tapeti zote nane, yaani nafasi inayoachwa juu ya kila valvu, ni milimita 0.25. Njia ya kuzipima isiyo na utata ni ya jumla ya tisa: valvu ya 8 ikiwa imefunguka mpaka mwisho, unapima ya 1, ya 6 ikiwa wazi, unapima ya 3, ya 4 kwa ya 5, ya 7 kwa ya 2, na kinyume chake, kila mara namba mbili zikijumlishwa zinaleta 9. Tapeti iliyobana inaiacha valvu wazi kidogo injini ikipata moto, na hakuna kabureta itakayoiponya silinda ambayo haifungi.

Sasa turudi kwenye petroli inayozidi. Kabla ya kuvua kabureta, uliza pampu. Injini hii ilitoka kiwandani na pampu ya kusukumwa na injini yenyewe, yenye kibakuli cha kioo cha kuchujia uchafu na kidude cha kupampu kwa mkono. Msukumo wake ni mdogo sana. Magari mengi siku hizi yamefungwa pampu ya umeme baada ya ile ya asili kuchoka, na mara nyingine ni pampu iliyokusudiwa gari la injeksheni, ambayo nguvu yake inaisukuma sindano ya boya ifunguke hata bakuli likiwa limejaa. Kama gari lako ni mojawapo, weka kidhibiti cha msukumo au urudishe pampu ya asili. Vipuri vyake bado vinapatikana. Kama pampu ni ya asili, zima injini ikiwa na moto, ondoa mpira wa eyakilina na uangalie kwa tochi ndani ya koo la kabureta. Petroli ikionekana inadondoka wakati injini imezima, sindano ya boya haifungi, au boya limetoboka na kuingia petroli, au kiwango chake kimewekwa juu. Boya ukilitoa litikise sikioni. Lenye petroli ndani utalisikia. Kiwango kipime kwa kipimo kilichomo kwenye kitabu cha gari, kabureta ikiwa imepinduliwa na boya likiilalia sindano kwa uzito wake tu bila kushindiliwa.

Lakini nikiulizwa niweke dau, sitaliweka kwenye boya. Zenith ya 36 IV ina udhaifu unaojulikana popote magari haya yanapotengenezwa, nao hauonekani kwa macho ya haraka. Kabureta hii ina sehemu ya juu na sehemu ya chini, na ndani yake kuna kipande kinachobeba jeti zote. Njia za petroli na za hewa zinavuka kutoka kipande kimoja kwenda kingine kupitia nyuso zilizolaliana, zikitenganishwa na gasketi nyembamba na oringi ndogo ya mpira. Madini yake ni laini. Kwa joto la miaka zaidi ya arobaini, na kwa mikono ya mafundi wanaokaza skrubu za juu kwa nguvu zote kila wakiona unyevu wa petroli, nyuso zile zinapinda: pembeni, kwenye skrubu, zinabanwa chini, na katikati zinainuka. Unakuwa na nafasi isiyozidi unene wa karatasi, lakini inatosha. Mvuto wa injini unaivuta petroli kupitia nafasi hiyo moja kwa moja, bila kupita kwenye jeti ya sailensa wala kwenye skrubu ya mchanganyiko. Oringi ikikakamaa au ikisahaulika wakati wa kuunganisha, matokeo ni hayo hayo. Kabureta ya namna hii inaweza kusafishwa kila wiki ikatoka inang'aa, na bado isishike sailensa, kwa sababu tatizo lake halikuwa uchafu.

Kuthibitisha ni rahisi. Fanya kazi injini ikiwa imepoa, betri imetolewa waya, na pasiwe na sigara wala jiko karibu. Vua kabureta, itenganishe, toa gasketi ya zamani yote bila kukwangua kwa bisibisi. Chukua rula ya chuma iliyonyooka, isimamishe kwa ukingo wake juu ya uso wa sehemu ya juu, kutoka kona moja hadi nyingine, na uiinue kuelekea dirishani. Mwanga ukipita chini ya rula katikati au pembeni, uso umepinda. Geuza rula kwa kona nyingine, kisha urudie kwenye sehemu ya chini na kwenye kile kipande cha jeti. Ukiwa na fila geji, vile vijani vya chuma vya kupimia nafasi, jaribu kuingiza jani jembamba kuliko yote. Likiingia, huna haja ya ushahidi zaidi.

Kusawazisha kunahitaji uvumilivu kuliko vifaa. Toa jeti zote, boya, sindano, pampu ndogo ya akseleta na kila kitu cha mpira, kwa maana unga wa msasa ukiingia kwenye jeti utaanza ugonjwa mpya. Tafuta kipande cha kioo kinene, kile cha meza kinafaa, kiweke juu ya mahali pasipoyumba, na ulaze juu yake msasa wa maji namba 400 uliolowa. Chora mistari ya kalamu ya wino mzito juu ya uso wote unaotaka kuusawazisha. Kisha uusugue juu ya msasa kwa kuuzungusha kama unaandika namba nane, ukibonyeza katikati na si pembeni, na kila baada ya mizunguko michache uuinue uangalie. Mwanzoni wino utafutika kwenye maeneo yaliyoinuka tu, na hapo utajionea mwenyewe jinsi ulivyokuwa umepinda. Wino wote ukishafutika kwa usawa, malizia na namba 600. Usiondoe zaidi ya unavyolazimika. Osha kwa petroli safi, puliza kila tundu kwa kompresa, na jeti iliyoziba izibuliwe kwa upepo au kwa unywele wa brashi. Waya wa chuma ukipita kwenye jeti unaipanua, na jeti iliyopanuka hairudi.

Katika kuunganisha, weka gasketi mpya na oringi mpya zinazokuja kwenye pakiti ya vipuri vya Zenith. Usipake silikoni. Najua inashawishi, na najua wapo wanaoipaka wakasifiwa jioni hiyo hiyo, lakini petroli inailainisha silikoni, vipande vyake vinakatika na kuelea, na mahali vinapopenda kwenda kukaa ni kwenye jeti ya sailensa. Kaza skrubu za juu kidogo kidogo kwa kuvuka kona, ukiishia pale mkono unapohisi zimeshika. Pakiti hiyo ina pia kiwambo cha mpira cha valvu ya uchumi, kile kinachopunguza petroli wakati mvuto wa injini ni mkubwa; kibadilishe hata kama cha zamani kinaonekana kizima, kwa sababu ufa wake huonekana tu ukikinyoosha mbele ya mwanga, nacho kikipasuka petroli ya ziada inabaki imefunguliwa muda wote.

Ukiwa umeshika sehemu ya chini mkononi, shika pia mhimili wa kipepeo na ujaribu kuutikisa juu na chini. Kutikisika kidogo sana kunavumilika. Mhimili ukigonga kwa kusikika, hewa inaingia kando yake, na kipepeo hakirudi mahali pamoja kila unapoachia mafuta. Hapo ndipo utakuta sailensa inabadilika kila ukisimama. Fundi mzuri wa kerezo anaweza kutoboa na kuweka bushi za shaba nyeusi, na ni kazi ya kulipia bila kusita kama mwili wa kabureta ni wa asili.

Kabla ya kuiseti, hakikisha hakuna hewa inayovuja mahali pengine, maana uvujaji uliofichwa na petroli nyingi utajitokeza petroli ikirudi kwenye kiasi chake. Rudisha kabureta na gasketi zake zote mbili pamoja na kipande cha kuzuia joto kilichopo kati yake na manifodi. Washa, na kwa chupa ya kunyunyizia yenye maji ya kawaida, nyunyiza kidogo kidogo kwenye maungio ya manifodi na kitako cha kabureta. Mlio ukibadilika, maji yameingia, na hewa ilikuwa inapita hapo. Wapo wanaotumia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwa kipimo hiki, juu ya ekzosi yenye moto na distribyuta inayotoa cheche, sikushauri. Kisha mpira wa buster ya breki (kile kidude kinachotumia mvuto wa injini kusaidia mguu), kama gari lako linayo: ubane kwa koleo lililofungwa kitambaa. Sailensa ikibadilika ukiubana, kiwambo cha buster kinavuja, na hilo si suala la kabureta tena. Ni breki, na gari lisishuke mlima wa Kitonga mpaka litengenezwe.

Kuseti sasa kunafanyika injini ikiwa na moto wake kamili, choki imerudi, eyakilina ipo mahali pake. Rudisha skrubu ya mwendo nyuma mpaka isikiguse kipepeo, kisha iingize mpaka iguse, na uongeze mzunguko mmoja. Skrubu ya mchanganyiko ifunge kwa vidole mpaka ikae tu, bila kuibana, kwa maana ncha yake ikichora mduara kwenye kiti chake haitasetika vizuri tena, nawe uliikaza mpaka mwisho hivi karibuni, kwa hiyo itoe kwanza uitazame. Ncha yenye pete iliyochimbika ibadilishwe. Kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Washa, funga skrubu ya mchanganyiko robo kwa robo mpaka injini ianze kuyumba, halafu ifungue taratibu mpaka itulie na mwendo upande mahali pa juu kabisa. Ukishapata hapo, punguza mwendo kwa ile skrubu nyingine, kisha urudie kutafuta mahali pa juu, na urudie tena. Mwendo unaotakiwa ni mizunguko kati ya 500 na 700 kwa dakika. Ni wa chini kuliko magari ya sasa, na anayezoea Toyota atadhani injini inataka kuzima. Iache, injini hii ya sentimita za ujazo 2,286 ina gurudumu zito la nyuma na iliundwa kwenda polepole.

Dalili kwamba umepona ni ile ile iliyokuonyesha ugonjwa. Funga skrubu ya mchanganyiko mpaka mwisho: injini sasa lazima izime. Isipozima, usiendelee kuseti, rudi kwenye nyuso na oringi.

Ukiweza kuazima geji ya vakyumu, iunganishe kwenye mlango wa mpira wa buster. Usawa wa bahari injini nzima katika sailensa inaonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki, na unapoteza karibu inchi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Iringa ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, kwa hiyo ukiona 13 au 15, na mshale umetulia, usimruhusu mtu akuambie injini imechoka. Mshale unaoruka kwa mpigo uleule kila wakati unaelekeza kwenye valvu moja, si kwenye kabureta. Mwinuko huo una jambo lingine pia: hewa ya kwenu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 14, hivyo kabureta iliyosetiwa pwani ikifika Iringa inatoa petroli nyingi kuliko hewa inavyoweza kuchoma. Skrubu ya mchanganyiko inalirekebisha hilo kwa sehemu ya mzunguko, nawe iseti Iringa ambako gari linaishi. Lakini mwinuko peke yake haufiki kwenye plagi nyeusi namna hiyo, wala hauizuii skrubu kujibu.

Kuna hali moja inayofanana na yako na haina uhusiano nayo, ambayo ninaitaja ili usije ukavua kabureta iliyokwisha kupona. Baada ya kupanda mlima mrefu kwenye jua, ukazima kwa dakika kumi kisha ukawasha, injini inaweza kuyumba na kunuka petroli kwa muda mfupi. Manifodi ya hewa kwenye injini hii imelala juu ya ekzosi, na joto linalopanda baada ya kuzima linachemsha petroli iliyomo kwenye bakuli, ikafurikia ndani. Kanyaga mafuta mpaka chini bila kupampu, washa, na itajisafisha. Ikitokea mara kwa mara, angalia kama kile kipande cha kuzuia joto hakikubadilishwa na gasketi ya karatasi.

Nimerudi kwenye swali lako la ununuzi. Kabureta za nakala zinazouzwa kwa jina la aina hii zinatofautiana sana, na kuna ambazo nyuso zake hazijanyooka tangu zikiwa kwenye boksi, kwa hiyo unaweza kulipa kwa ajili ya ugonjwa uleule. Kwa maoni yangu Zenith ya asili iliyosawazishwa, yenye mhimili usiogonga, ni bora kuliko nakala mpya. Kama mwili wa yako umepasuka au mhimili umelika kiasi cha kukataa bushi, tafuta ya asili iliyotumika. Magari haya bado ni mengi nchini, kama ilivyoonekana Arusha kwenye tamasha la Land Rover la Oktoba 2024, na wamiliki wengi waliohamia Weber ya 34 ICH waliacha Zenith zao kwa mafundi. Weber yenyewe ni chaguo la heshima. Inapungukiwa nguvu kidogo mlimani, na jeti yake ya sailensa huziba upesi kwa vumbi, lakini inatolewa kwa bisibisi kutoka nje bila kufungua kitu kingine. Chochote utakachokwenda kununua, nenda na ile rula ya chuma mfukoni, mwombe muuzaji ruhusa ya kutoa skrubu za juu, na uupime uso mbele yake kabla pesa haijatoka.